Tulipofika Lango la Jehanamu

 Mwezi uliopita tuliahidi kuandika juu ya minyoo ya watoto. Tunaomba mtuwie radhi, minyoo itangoja. Wasomaji kadhaa wametuuliza jambo lingine: chama cha akina mama kikitaka kutoka siku moja tu, kiende na kurudi, kitembee kwa miguu na kuona uumbaji wa Mungu bila kulala hotelini, kijiandae vipi? Swali hili limetugusa kwa sababu mwezi wa Oktoba uliopita sisi wenyewe tulitoka, na yapo mambo tuliyofanya vizuri, na lipo moja ambalo tulilisahau kabisa, ingawa kazi yetu ni uuguzi na tulipaswa kulijua kuliko wote.

Safari yenyewe ilikuwa ya korongo la Ol Njorowa, ndani ya mbuga ya Hell's Gate, karibu na ziwa Naivasha. Jina la mbuga maana yake ni Lango la Jehanamu. Mnaweza kufikiri ilivyokuwa siku ya matangazo kanisani. Katibu wetu alisimama akasema kwa sauti kubwa kwamba Jumamosi ya wiki ya tatu akina mama wataelekea Lango la Jehanamu, nauli ilipwe kwa mweka hazina. Wazee wa safu ya mbele walicheka mpaka wakafuta machozi. Mmoja akauliza kama nauli hiyo ni ya kwenda tu au na kurudi.

Jina hilo si la wenyeji. Lilitolewa na wasafiri wa Kizungu waliopita huko mwaka 1883, Joseph Thomson wa Uskoti na Gustav Fischer wa Ujerumani, kwa ajili ya ufa mwembamba uliopo kati ya majabali marefu, unaofanana na lango. Serikali ilipatenga mahali hapo kuwa hifadhi ya taifa mwaka 1984. Si kubwa kama Tsavo au Mara. Eneo lake ni kilometa za mraba 68 hivi. Lakini ina jambo moja ambalo mbuga nyingi hazina: mgeni anaruhusiwa kutembea kwa miguu au kuendesha baiskeli katikati ya wanyama. Kwa akina mama waliozoea kutazama twiga kwenye kalenda ya ukutani, hilo si jambo dogo.

Tulikuwa watu 31 katika basi dogo, wengi akina mama, na mabinti wanane wa kikundi cha vijana, akiwemo binti yetu wa miaka kumi na tisa. Fedha tulizikusanya kwa miezi mitano, kidogo kidogo, kila Alhamisi baada ya maombi. Mweka hazina wetu ni mwanamke mkali, Mungu ambariki. Hakukubali ahadi. Jina lako liliandikwa daftarini kwa kalamu ya wino pale tu ulipomaliza kulipa, kabla ya hapo ni kwa penseli.

Tuliondoka Nairobi saa kumi na mbili asubuhi tukashika barabara ya chini, ile ya kuteremka ukingo wa Bonde la Ufa kuelekea Mai Mahiu. Tunaipendekeza barabara hii kwa mandhari yake, ingawa malori ni mengi na dereva asiye na subira asipewe kazi. Pale juu tulisimama kutazama bonde. Asubuhi ile ukungu ulikuwa umelala chini kama maziwa kwenye bakuli, na mlima Longonot umechomoza katikati yake. Wauza ngozi za kondoo walitusalimu kwa Kikuyu, Kiswahili na Kiingereza, kisha wakaona tuna mandazi yetu na hatununui, wakatuacha kwa amani. Chini kidogo ya mteremko kuna kanisa dogo sana la mawe, lililojengwa mwaka 1942 na wafungwa wa vita wa Kiitaliano waliokuwa wakitengeneza barabara ile. Tuliingia kwa zamu, kwa maana halitoshi watu wengi. Watu waliokuwa mbali na wake zao na mama zao, chini ya ulinzi, walijenga mahali pa kuomba kando ya barabara waliyolazimishwa kuichimba. Mama mmoja wetu, ambaye mwanawe yuko kazini Ghuba mwaka wa tatu sasa, alikaa humo muda mrefu kuliko wengine. Hatukumharakisha.

Mai Mahiu tulipita kimya. Usiku wa kuamkia tarehe 29 Aprili 2024 maji yalishuka hapo ghafla, yakabeba nyumba na makumi ya watu waliokuwa wamelala. Bado unaona mawe makubwa yaliyoachwa mahali ambapo hayakuwa. Tunalitaja hili kwa sababu lilikuwa mawazoni mwetu siku hiyo yote, na baadaye mtaona kwa nini.

Tulifika langoni kabla ya saa tatu. Lango kuu linaitwa Elsa, jina la yule simba jike aliyelelewa na Joy Adamson, ambaye nyumba yake iko kando ya ziwa, si mbali na hapo. Ada ya kuingia hulipwa kwa simu. Kwa hiyo mweka hazina wenu asije na bahasha ya noti akadhani atapokelewa. Beba kitambulisho. Mabinti walikodi baiskeli palepale, na mama mmoja wa miaka hamsini na miwili naye akakodi, akaitandaza sketi yake vizuri akapanda. Alituacha vumbi. Tulidhani tunamjua mwenzetu huyo, tumeimba naye kwaya miaka kumi na tano.

Hatua chache tu ndani kuna nguzo ya mwamba iliyosimama peke yake, urefu wa mita 25 hivi, iitwayo Mnara wa Fischer. Zamani ilikuwa mawe yaliyoyeyuka ndani ya koo la volkano. Udongo uliolizunguka umekwisha kuoshwa, koo limebaki. Pimbi wamejaa hapo, wanene, hawaogopi mtu. Wamaasai wanaisimulia nguzo hiyo kwa njia yao. Wanasema ni msichana aliyekuwa akipelekwa kuolewa, akaambiwa asigeuke nyuma kutazama kwao. Akageuka, akawa jiwe. Bila shaka tulimkumbuka mke wa Lutu, na mwenyekiti wetu akaanza kutoa fundisho fupi juu ya utii. Lakini mama mmoja, ambaye kwa kawaida hasemi kitu katika vikao, akasema polepole, "Jamani, msichana wa watu alikuwa anamtazama mama yake tu." Fundisho likaishia hapo. Tulitembea kitambo kila mtu akiwaza siku yake ya kuondoka kwao.

Kutoka langoni hadi kwenye korongo ni kama kilometa saba au nane. Basi linaweza kwenda. Wengine tulitembea kipande, wengine wakapanda. Kulia na kushoto ni majabali mekundu yaliyosimama wima kama ukuta wa kanisa kuu, na katikati ni majani ambapo punda milia, swala, kongoni na ngiri wanakula bila wasiwasi. Nyati pia wapo, na hao usiwazoee. Mwongozaji alituambia tusishuke njiani wala kumkaribia hata akiwa amelala. Mbele zaidi unaona moshi mweupe ukipanda vilimani. Ni mvuke wa Olkaria, unaotoka katika maji yaliyochemshwa na moto ulio chini ya ardhi. Tangu 1981 mvuke huo unazungusha mitambo ya umeme, na leo sehemu kubwa ya umeme wa Kenya unatoka hapo na mahali pengine kama hapo. Wengi wetu tulipiga pasi nguo za safari usiku uliotangulia bila kujua kwamba tunapigia kwa mvuke wa Lango la Jehanamu.

Na sasa tufike kwenye lile tulilolisahau.

Alikuwepo mama mmoja wa miaka 66, tutamwita Mama tu, maana wote kikundini humwita hivyo. Ana presha miaka kumi na miwili, anahudhuria kliniki bila kukosa, na kadi yake ni safi kuliko ya wagonjwa wetu wengi. Ndiye aliyekuwa wa kwanza kumaliza kulipa nauli. Alituambia tangu utotoni kijijini alisikia habari za korongo hilo kutoka kwa baba yake, aliyewahi kufanya kazi kwenye shamba moja karibu na ziwa, na alitaka aliguse ukuta wake kwa mkono wake kabla hajafa. Asubuhi ile alimeza vidonge vyake kama kawaida, na kimojawapo ni kile watu wanachokiita dawa ya maji, kinachosaidia figo kutoa maji na chumvi mwilini ili presha ishuke. Huko hakukosea. Ila, kwa kuhofia kuomba basi lisimame mara kwa mara mbele ya watu, alikuwa hajanywa kitu tangu saa mbili usiku. Si chai, si maji. Alipopewa soda kule juu ya bonde aliishika mkononi, kisha akampa mtoto wa mtu.

Sisi tulikuwa tumebeba sanduku la huduma ya kwanza. Bandeji zilikuwemo, dawa ya kuumwa na kichwa, kipimo cha presha, mkasi, glavu. Tulikuwa tumewauliza wote kama wamebeba dawa zao. Hatukumwuliza hata mmoja kama amekunywa maji.

Tulifika mahali pa kupumzikia juu ya korongo karibu saa sita, jua likiwa kali. Mtu hudhani kwa sababu Naivasha iko juu na upepo ni wa baridi basi jua halina nguvu. Si hivyo. Iko karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, jua linachoma, na ule upepo unakausha jasho kabla hujatambua kwamba unatoka jasho. Tulikuwa tunagawana chapati. Mama aliinuka haraka kutoka kwenye jiwe ili aje kuchukua fungu lake, akasema, "Sista, macho yangu yanaingia giza," akaanguka. Alimwangukia mwenyekiti, kwa bahati njema, wala hakugonga kichwa.

Tulimlaza kivulini chali, tukainua miguu yake juu ya mfuko wa chapati, tukalegeza mkanda na kitambaa cha kichwa, tukawafukuza waliokuja kumzunguka na kumpepea. Baada ya muda mfupi alifungua macho na kutuita kwa jina. Presha ilikuwa 90 kwa 55, yeye ambaye kliniki hukaa 140 na kitu. Mapigo ya moyo 112 kwa dakika. Ulimi mkavu kama karatasi. Uso haukuwa umepinda, mikono yote miwili ilikuwa na nguvu, maneno yalitoka sawa, hakuwa na maumivu kifuani. Haya manne tunayataja makusudi, kwa maana kama moja lingekuwa kinyume tusingekaa hapo kutengeneza vinywaji. Tungempakia kwenye basi dakika ileile kwenda hospitali ya Naivasha.

Alipoamka vizuri na kuweza kumeza, tulitengeneza maji ya chumvi na sukari: lita moja ya maji safi, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, na nusu kijiko kidogo cha chumvi. Sukari ilikuwepo ya chai, chumvi ilikuwepo ya mayai ya kuchemsha. Tulimpa kidogo kidogo, funda baada ya funda. Kumbukeni kwamba mtu aliyezimia kabisa asinyweshwe kitu, ataingiwa na maji mapafuni. Na mwenye presha kinywaji hiki kisigeuzwe kuwa soda yake ya kila siku. Hapa ilikuwa ni kurudisha kilichopotea.

Wakati huo mabinti wanane na akina mama sita walikuwa wamekwisha kuteremka korongoni na mwongozaji wa Kimaasai, kijana mpole anayelijua korongo kama sebule ya mama yake. Hawakujua kwamba Mama ameanguka. Wengine wetu tulibaki juu.

Tueleze kidogo lilivyo. Maelfu ya miaka iliyopita ziwa Naivasha lilikuwa kubwa kuliko sasa na lilijaa mpaka likafurika upande wa kusini, na maji hayo yakachimba njia katika majivu laini ya volkano. Leo ziwa limepungua na halitoi tena mto wowote unaoonekana, lakini njia imebaki. Ukiwa ndani, kuta zinakaribiana, mahali pengine ukinyoosha mikono unagusa pande zote mbili, na mbingu inakuwa utepe mwembamba juu. Ukuta umechorwa mistari ya mawimbi, kana kwamba mtu amepitisha vidole kwenye udongo mbichi. Yapo maji ya moto yanayochuruzika ukutani, yanaweza kuunguza mkono wa mtoto. Yapo mawe meusi yanayong'aa kama chupa iliyovunjika, na yanakata vilevile. Kupanda na kushuka kwingine ni kwa mikono na miguu, kwa hiyo patipati na sketi ya kubana ziachwe nyumbani. Vaeni raba zenye meno.

Ni pazuri kiasi hicho. Na ni hatari kwa sababu ileile iliyopafanya kuwa pazuri: ni njia ya maji. Mvua ikinyesha kwenye milima iliyo mbali, maji hukusanyika na kushuka hapo yote kwa pamoja, na aliye chini hana habari, juu yake kuna jua. Mwezi wa Aprili mwaka 2012 watu saba wa kundi la kanisa kutoka Nairobi, waliokuja kutembea kama sisi, walikufa humo kwa maji ya namna hiyo. Septemba 2019 maji yaliua tena watalii pamoja na mwongozaji wao, na korongo likafungwa kwa muda. Kwa hiyo kabla ya safari ulizeni kama liko wazi siku hiyo, na mkiambiwa halifunguliwi msibishane na askari. Hana faida yoyote kwa kuwazuia.

Tulikuwa bado tumepiga magoti kando ya Mama ndipo askari wa mbuga alipotujia. Hakuwa anatutazama sisi. Alikuwa anatazama upande wa Longonot, ambako asubuhi palikuwa peupe, na sasa palikuwa na wingu la rangi ya sufuria ya zamani. "Kundi lenu lina watu wangapi chini?" akauliza. Tukasema kumi na wanne na mwongozaji. Akajaribu simu ya mwongozaji. Haikupatikana. Akachukua redio yake, akasema maneno ambayo hatukuyasikia vizuri, kisha akateremka mwenyewe haraka bila kutueleza zaidi.

Tuseme ukweli. Mkono mmoja ulikuwa kwenye kifundo cha mkono cha Mama ukihesabu mapigo, na hesabu ilipotea mara tatu. Binti yetu alikuwa chini. Juu yetu hapakuwa na hata tone la mvua. Majani yalikuwa makavu, nyani wawili walikuwa wakigombania ganda la ndizi. Kama askari asingekuja tungeendelea kukaa na kucheka. Mwenyekiti alianza wimbo, sauti ikamkatika, wengine wakaupokea. Mama, akiwa amelala chali, alitutazama akasema, "Sista, nenda kamwangalie mtoto. Mimi sifi." Hatukwenda. Tungekwenda kufanya nini? Kuongeza mtu mmoja zaidi chini. Lakini hatutaki mdhani kwamba tulikaa kwa sababu ya ushujaa au mafunzo ya chuo cha uuguzi. Miguu ilikuwa haina nguvu.

Zilipita kama dakika thelathini na tano. Kisha tukasikia kicheko cha mabinti, na baada ya kicheko tukasikia manung'uniko. Walipanda mmoja mmoja, wamechafuka magoti, na wamekasirika. Mwongozaji alikuwa amewageuza mwenyewe kabla askari hajawafikia, kwa kuwa aliona maji membamba ya korongo yamebadilika rangi kidogo. Hawakuwa wamefika hata nusu. Mama mmoja alikuwa akisema kwa sauti kwamba amelipa fedha zake zote, miezi mitano, na sasa anarudishwa kwa ajili ya wingu. Binti yetu naye alikuwa wa kwanza kulalamika. Tulimkumbatia kwa nguvu mbele ya wenzake, jambo ambalo hajatusamehe hadi leo.

Karibu nusu saa baadaye askari alituita ukingoni, mahali salama pa kutazama chini. Pale walipopita kwa raba kavu palikuwa na maji ya kahawia, yamebeba vijiti na povu. Hayakuwa ya kutangazwa redioni. Labda yangefika vifundoni, labda magotini mahali pembamba. Hakuna aliyesema neno. Yule mama wa miezi mitano alitazama muda mrefu, kisha akaenda kumtafuta mwongozaji, akampa mayai yake yote mawili na chapati. Juu yetu bado jua lilikuwa likiwaka.

Mama alifikia lita moja na robo kufikia saa tisa, presha ikawa 118 kwa 70, akaenda haja ndogo nyuma ya choo kwa kuwa chenyewe hakikumpendeza, na akarudi akitabasamu. Kwetu wauguzi hiyo ilikuwa habari njema kuliko zote za siku ile.

Basi, akina mama wanaoandaa safari, haya ndiyo tuliyoanza kuyafanya katika kikundi chetu tangu hapo. Wiki mbili kabla, kila mwenye presha, sukari, pumu, kifafa au mimba anasema, si mbele ya wote, bali kwa mtu mmoja aliyechaguliwa kutunza siri. Anayetumia dawa ya maji anamwuliza daktari au muuguzi wake saa ya kuimeza siku ya safari. Asiiache kwa uamuzi wake, na asiimeze kisha akajinyima maji. Mwenye sukari anabeba peremende mfukoni na hakai na njaa akingoja chakula cha pamoja. Kila mtu ana chupa ya lita moja na nusu, nyingine zinabaki kwenye basi. Na jambo ambalo wanaume wanaoandaa safari hawalifikirii kamwe: dereva anaambiwa mapema, mbele ya wote, kwamba atasimama kila baada ya saa moja mahali penye choo, iwe imeombwa au haikuombwa. Tumegundua kwamba akina mama wengi hawanywi maji safarini kwa aibu hiyo moja tu. Tumekuwa tukifundisha juu ya chumvi na mafuta miaka yote hii, na aibu ya choo hatukuifundisha hata siku moja.

Nendeni miezi ya kiangazi, Januari au Februari, na muingie korongoni asubuhi, si baada ya chakula. Mwongozaji akisema turudi, rudini wakati huohuo, muulize sababu mkiwa juu.

Mama hakuugusa ukuta wa korongo. Tulitaka kumletea kipande cha jiwe jeusi, askari akakataa, maana hakitolewi kitu mbugani, na alikuwa na haki. Binti yetu ndiye aliyekaa naye kwenye basi wakati wa kurudi, akamsimulia mistari ya ukutani, na maji ya moto, na jinsi mbingu inavyoonekana ukiwa chini. Mama alimwuliza mambo mengi sana. Alitaka kujua kama ukuta ni wa baridi au wa joto. Binti akasema upande mmoja ni wa baridi kabisa, na upande mwingine, yanapopita yale maji, ni wa joto kama kikombe cha chai. Mama akasema, ndivyo baba alivyosema.

Jina lake limekwisha kuandikwa daftarini kwa safari ya Januari, kwa kalamu ya wino. Tulipokaribia Mai Mahiu, giza likiingia, alisimama mwenyewe katikati ya basi, akashika kiti, akasema kwa sauti ambayo hata dereva aliisikia, "Kijana, simamisha gari, nataka kujisaidia." Basi zima lilipiga makofi. Tulishuka kumi na tisa.